Mwaka Tulipoifundisha Kompyuta Kuimba

Mwezi uliopita nilimkuta Nyar Ndhiwa sebuleni kwake, miguu juu ya stuli, anagombana na simu. Jina lake la ubatizo ni Consolata, lakini toka nimjue watu humwita Nyar Ndhiwa, binti wa Ndhiwa, naye huliitikia kama cheo. Haoni tangu utotoni. Simu yake ni hizi za siku hizi, inamsomea kila anachokigusa, na alikuwa akijaribu kukata tiketi ya basi kwenye tovuti mpya ya kampuni fulani, aje Nairobi kunitembelea. Akigusa hapa, simu inasema "button," yaani kifungo. Akigusa pale, "button." Chini kabisa, "button." Mafundi walikuwa wamechora vitu vya kubonyeza vizuri sana, vyenye picha za viti na kalenda, wakasahau kuvipa majina. Akanigeuzia uso. "Akoth, wewe ndiye mtu wa kompyuta. Hebu niambie, hii ni kampuni ya basi ama ni shati?" Nilicheka mpaka chai ikanipalia. Hatukuwa tumekutana kwa miaka mingi, na hiyo ndiyo salamu niliyopewa.

Kicheko hicho ndicho kimenikalisha niandike. Nataka kuusimulia mwaka wa tisini na nane, huo peke yake. Ya ukoo wetu na shule zangu nawaachia wenye kupenda mambo marefu. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, cheti cha kompyuta kutoka Kisumu, na kiburi cha kuwatosha watu watatu. Bwana Shee, mfanyabiashara aliyetoka Lamu zamani akafanya Migori kwao, alikuwa na ofisi ya vifurushi nyuma ya soko. Watu wa Nairobi na Mombasa wakiwatumia wazazi wao kitu, mabasi yalikileta kwake, na wenyewe walipiga simu au wakaja kuuliza kama kimefika. Alikuwa amenunua kompyuta moja ya mtumba, akanichukua niiandikie programu ya kufuatilia mizigo. Kompyuta yenyewe iliishi maisha ya bi harusi. Ilikuwa na chumba chake chenye pazia na zulia, ikafunikwa kitambaa cha kufuma chenye maua, na hakuna aliyeruhusiwa kuingia na viatu. Bwana Shee mwenyewe alivua makubadhi mlangoni, akaingia miguu mitupu akinong'ona, utadhani mashine imelala. Nje ya pazia kulikuwa na harufu ya omena, wale dagaa wa ziwani, magodoro mapya na mafuta ya taa, na makuli wakitupiana maneno kwa Kijaluo tangu asubuhi.

Meza ya simu ilikuwa kati ya pazia na mlango, na hapo ndipo Nyar Ndhiwa alipotawala. Alikuwa na miaka thelathini na kitu, rangi ya midomo kila siku ya Mungu, na sauti iliyofanya wanaume wapige simu kuulizia mizigo ambayo hawakutumiwa. Asubuhi makuli walimsomea majina yaliyoingia, naye akayatoboa kwa nukta za wasioona kwenye vipande vya katoni. Kutwa nzima vidole vilitembea juu ya katoni hizo huku mdomo ukitania. "Kifurushi chako kimefika, mama, na kinanuka samli, njoo upesi kabla sijaanza kupika." Mabasi ya wakati ule yalikuwa na honi za nyimbo, kila dereva na wake. Basi likiwa bado kule darajani, yeye ameshapiga kelele, "Vijana, la Mombasa hilo, tokeni!" Saa saba tulikula pamoja kwenye meza yake, ugali na mboga chungu ya osuga iliyopikwa kwa maziwa, na siku njema, samaki. Alikula samaki mpaka mifupa ikabaki safi ya kuonyeshwa darasani, na akinisikia natema mwiba, ananicheka. "Mwenye macho ndiye anakwamwa na mwiba! Sasa hayo macho ni ya kazi gani, yawa?"

Meneja alikuwa Faraj, mpwa wake Bwana Shee, kijana mtanashati aliyependa mashati yaliyopigwa pasi na kitu chochote chenye rangi. Programu yangu aliitaka iwe na rangi. Kifurushi kilichofika kiandikwe kijani, kilicho njiani manjano, kisichojulikana kiwe chekundu kinachowaka na kuzima. "Mtu akitupa jicho tu, ashaelewa," aliniambia. Nikazifanya, zikapendeza kwelikweli, hata wenye maduka jirani waliitwa wavue viatu waje kutazama. Lakini wiki ya kwanza kabisa nilikuwa nimemwuliza, "Na Nyar Ndhiwa ataitumiaje?" Akakuna kidevu. "Hiyo tutaona." Nikamwuliza tena mvua zilipopungua. "Tutaona, Akoth, tumalize kwanza." Nilipompelekea Nyar Ndhiwa jibu hilo, alicheka mpaka akashika meza. "Tutaona? Wao waone. Mimi waniambie tutasikia!" Makuli wakaudaka mchezo huo, na kwa wiki nzima ukiomba chochote ofisini unajibiwa, tutasikia.

Utani ulikatika siku moja ya mwezi wa sita. Tulikuwa tunakula, na nyuma ya ukuta wa mbao Bwana Shee na mpwa wake walikuwa wanapanga kuhamia Homa Bay, ambako kulikuwa na ofisi mpya na laini ya simu isiyokatika ovyo kama ya kwetu. Migori ibaki ghala tu. "Simu na kompyuta zikae meza moja," Faraj alisema. "Anayejibu simu ndiye asome skrini." Bwana Shee akauliza, "Na Consolata?" "Mjomba, ametufanyia kazi miaka mingi. Sasa atapumzika." Nyar Ndhiwa akaweka tonge chini. Sikuwahi kumwona akiweka tonge chini. "Apumzike nani?" akanong'ona. "Kwani nani amewaambia nimechoka?" Alikuwa na watoto wawili shuleni, na nyumba ya kupanga, lakini si hayo yaliyomtoa machozi. "Akoth, hii simu ndiyo imenifanya mtu katika huu mji. Nikitoka hapa, mimi ni yule kipofu wa kushikwa mkono." Nilikasirika, nikasukuma sahani kando.

Na hapa sharti niseme jambo, kwa sababu vijana ninaofanya nao kazi sasa hudhani walioacha watu nje ya tovuti zao ni watu wabaya wa mahali pengine. Faraj hakuwa mbaya. Alimshika Nyar Ndhiwa mkono kumvusha mtaro, na kila Idi alimletea leso mpya. Ni vile tu kwamba alipomfikiria mtu aliyekaa mbele ya kompyuta, alijifikiria yeye. Aliyelipa alikuwa anatazama skrini, aliyesifu alikuwa anatazama skrini, na mimi niliyeandika nilikuwa natazama skrini. Kisha kukawa na lile neno ambalo nimelisikia katika kila mkutano tangu siku hizo: ni mmoja tu. Wasioona ni mmoja tu, hata huyo mmoja anazo katoni zake, kwa hiyo haja yake inawekwa mwisho wa kazi, na mwisho wa kazi ndipo muda na fedha huishia. Majuzi kijana mmoja Nairobi alinieleza kwa adabu zote kwamba mambo ya wasioona yamepangwa awamu ya pili. Nilimwuliza kama amewahi kufika awamu ya pili ya kitu chochote. Alicheka, maskini.

Njia aliileta Nyar Ndhiwa mwenyewe, tena kwa hasira. Kesho yake, tukiwa tunakula, basi lilipiga honi darajani, naye akagonga meza. "Hata hilo basi la bati linajua kujitambulisha! Hiyo bi harusi yenu ya ndani ya pazia haina honi?" Nikamwambia inayo, kila nikikosea inapiga bip. "Basi si ipige bip ya maana!" Nilisimama na kijiko mkononi. Katika BASIC, lugha niliyoandikia programu, kulikuwa na amri moja ambayo tulifundishwa kwa mchezo siku ya mwisho ya kozi. Unaipa herufi za noti, na kispika kidogo kilichomo ndani ya mashine kinaimba. Na mimi nilikuwa mwimbaji wa sauti ya pili kanisani kwetu Rodi Kopany, noti za sol-fa nazijua kama njia ya kisimani. Jioni hiyo nikamketisha ndani ya pazia, miguu mitupu kama sisi wote, nikaandika mistari michache, nikabonyeza. Akatega sikio, akakunja pua. "Huyo ni mwimbaji ama ni mbu?" Kisha uso ukafunguka wote. "Kare! Kumbe mbu anaimba wimbo wa sadaka!"

Wiki hizo zilikuwa tamu, nakumbuka hata harufu yake. Umeme ukirudi tunakimbilia pazia, umeme ukipotea tunarudi mezani kubishana. Mwenye kifurushi hutaka kujua mambo matatu tu, kwa hiyo tulihitaji nyimbo tatu. Kilichofika kikapewa wimbo wa bi harusi anapoingia kanisani, kwa maana ndiyo furaha yenyewe. Kilicho njiani kikapewa wimbo wa sadaka, kwa sababu wakati wa sadaka, Nyar Ndhiwa alisema, watu huja mbele polepole sana. Kisichojulikana kilitusumbua. Mimi nilipendekeza bip tatu kavu. Yeye akatabasamu kwa ule ushetani wake. "Weka ule wa jeneza likitoka nyumbani." "Nyar Ndhiwa!" "Si kimepotea? Tukizike!" Tukacheka mpaka kuli mmoja akachungulia. Kupiga taipu alikuwa amesomea zamani, hakuhitaji kuambiwa herufi iko wapi. Anaandika namba ya kifurushi, anabonyeza, mbu anaimba, naye anajibu simu bila kupunguza mwendo. Alipofaulu mara ya kwanza alisimama akacheza pale zuliani, viuno na mabega, na mimi nikashangilia kama mwendawazimu.

Tulimwita Faraj asikie, na Bwana Shee akaja. Walisimama miguu mitupu, wakasikiliza nyimbo zote tatu kwa makini, na hawakusikia wimbo hata mmoja. Wao ni watu wa msikiti, nyimbo zetu za kanisani zingewafikia vipi? Walisikia milio. "Huu wa mwisho ni mpole," Bwana Shee akasema juu ya ule wa jeneza, "unatuliza moyo." Nyar Ndhiwa akajifunika uso kwa leso, mabega yanatikisika. Faraj akatoa masharti. "Ajaribu siku ya kufungua ofisi ya Homa Bay. Akimudu, simu ni yake. Zikileta fujo mbele ya wageni, nazizima, na simu ataishika anayeona." Wanaoona wawili walikuwa wameijaribu kazi yetu wakaipitisha, na sisi wawili tulifurahi tukadhani imekwisha.

Siku ilipofika, mwezi wa kumi na moja, tulipakia kompyuta kwenye pikapu asubuhi na mapema. Barabara ilikuwa na mashimo ya mvua kubwa za mwanzo wa mwaka, na Bwana Shee aliogopa bi harusi wake asije akavunjika, kwa hiyo makuli walitandika godoro jipya lililoviringishwa, wakaikalisha juu yake na kufunga turubai. Homa Bay tulikuta ofisi imepakwa rangi, benchi refu limejaa kina mama, wenye maduka, mchungaji wa jirani, na sufuria za pilau kutoka kwa mke wa Bwana Shee zikitoa harufu iliyomfanya kila mtu awe na heshima. Godoro tuliliacha kwenye pikapu, mashine ikawekwa mezani kando ya simu. Nyar Ndhiwa alivaa gauni la zambarau. Nilimwonyesha kiti, na hakuwa amefanya mzaha wowote tangu tulipopita Rongo.

Simu za kwanza zilikwenda vizuri. Wimbo wa sadaka, wimbo wa harusi, wa sadaka tena, naye akijibu kwa sauti ile ile ya kuwapoteza wanaume. Ndipo akasogea mama mmoja kutoka kwenye benchi, Min Ouma, yaani mama yake Ouma, amejifunga leso mbili na kushika karatasi yenye namba. Ouma, mwanawe wa pekee, alikuwa Nairobi, na alikuwa amepiga simu kwa jirani kwamba ametuma kitu. Nyar Ndhiwa akaandika namba niliyomsomea. Akabonyeza. Na katika ofisi iliyonyamaza kimya, mbele ya mchungaji, mbu akaanza kuimba ule wimbo wa jeneza.

Min Ouma aliusikia mstari mmoja tu. "Uwi! Ouma wuoda, mwanangu! Uuuwi!" Mikono kichwani, akatoka mbio mpaka barabarani. Kina mama wa benchi hawakuuliza aliyekufa ni nani, huko kwetu kilio hakiulizwi, kinapokewa. Wote wakainuka na uwi zao. Wauza samaki wa ng'ambo ya barabara wakaacha karai wakaja. Mchungaji akavua kofia. Bwana Shee akasimama na kijiko cha pilau hewani. "Lahaula! Kuna nini? Nani amefanywa nini?" Faraj alikuwa amebadilika rangi. "Akoth, zima! Zima hizo nyimbo zote sasa hivi!" Nikaona kila kitu kinaporomoka. Tulikuwa tumeutengeneza wimbo kwa masikio yetu sisi wawili, na hakuna aliyeyafikiria masikio ya benchi.

Nyar Ndhiwa hakuzima kitu. Aliinua simu akampigia kuli aliyebaki ghalani Migori, kidole kimoja kimeziba sikio la upande wa kilio. "Ochola, namba hii iko wapi? Nini? Umepakia? Umepakia wapi?" Akakata simu, midomo ikaanza kutetemeka, na nilidhani analia. "Akoth," akasema, "ni godoro." "Godoro gani?" "Godoro la Ouma! Lile mliloikalishia kompyuta yenu!" Yesu wangu. Mashine ilikuwa imelala juu ya kifurushi chenyewe kutoka Migori mpaka Homa Bay, halafu imefika inasema haikijui. Tungekiandikaje wakati kilishuka na basi la alfajiri, kompyuta imeshazimwa kwa safari? Makuli wakakimbilia pikapu. Mimi nikaandika mstari wa godoro, vidole vinaruka, na Nyar Ndhiwa akaita kwa sauti ambayo nadhani ilisikika hadi ng'ambo ya ziwa, "Min Ouma! Rudi, mama! Ouma ni mzima, sikia mwenyewe!" Akabonyeza.

Wimbo wa harusi ukatoka, mwembamba, wenye kukwaruza, na godoro likaingia mlangoni kichwani kwa kuli. Min Ouma alisimama kizingitini na machozi yake. Akalitazama godoro, akaitazama mashine. Kisha akapiga sigalagala, vile vigelegele vyetu vya shingo ndefu, na benchi zima likaitikia. Waliingia kwenye wimbo pale pale mbu alipokuwa amefika, sauti nne kamili, wauza samaki wakapiga makofi, mchungaji akaweka kofia kichwani kusudi apate mikono ya kupigia. Mbu alipomaliza, wao walikuwa ndiyo kwanza wanaanza. Min Ouma alicheza na lile godoro kuzunguka ofisi nzima. Nilicheka nikalia kwa pamoja, na hata leo nikiandika haya najikuta nacheka peke yangu.

Walipotulia, Faraj akasafisha koo. Shati lake lilikuwa limelowa jasho. "Mjomba, tulikubaliana. Hii si ofisi, hii ni fujo. Hizo nyimbo zizimwe." Nyar Ndhiwa alikuwa amekaa wima, mikono juu ya magoti, na nilijua anangoja kuambiwa akapumzike. Aliyesimama ni Min Ouma. Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni, lakini alikitoa chote. "Kijana, mimi si najua kusoma. Kila siku naambiwa kitu yangu na watu, hata kama ni uongo najua wapi? Leo hii mashine imeniambia mimi mwenyewe, na nimesikia na masikio yangu. Hiyo ya kilio toa, ni mbaya, imenikatia miaka. Lakini ya harusi wacha." "Iachwe!" benchi likaitikia. "Iachwe!" Mzee mmoja wa duka, macho yake yamefunikwa na ukungu, akaongeza kwamba hata yeye hizo rangi hajaziona tangu aingie.

Bwana Shee aliweka kijiko chini, akafuta mikono taratibu. Alimtazama mpwa wake, akaitazama skrini yenye kijani chake kizuri ambacho siku nzima hakuna aliyekiangalia. Akafungua mdomo aseme, na simu ikalia. Faraj alikuwa karibu nayo, akanyoosha mkono.

"Iwache, Faraj," Bwana Shee akasema. "Simu hiyo ina mwenyewe."

Nyar Ndhiwa hakuharakisha. Aliiacha ilie tena, na tena, watu wote wakimtazama, akakitengeneza vizuri kitambaa chake cha kichwa, ndipo akainua, akataja jina lake lote: Consolata, Nyar Ndhiwa.